Siku Niliyommiminia Maji Shemeji Yangu Kisimani

Mtu akinaswa na mchanga ndani ya kisima, msimvute. Nimeliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu nawajua vijana wa siku hizi, mnasoma mistari mitatu halafu kidole kinateleza kwenda kwingine. Kama mtaondoka na jambo moja tu, liwe hilo. Anayetaka kujua nililijuaje, na siku ile nusura nimuue nani, akae tuzungumze.

Jina langu Shomari. Nimezaliwa Chole, na nikisema Chole nina maana ya Chole ya Kisarawe, siyo ile ya kisiwani ambayo kila mtu huniuliza habari za samaki wake. Nimechimba visima kwa mikono tangu sijaota ndevu mpaka magoti yalipogoma. Sasa nakaa Tangini, hapa Kibaha, kwa binti yangu Rehema, na kazi yangu ni kunywa chai na kuwapa watu ushauri ambao hawakuniomba.

Juzi ushauri uliombwa. Vijana walikuja na lori la mashine kuchimba kisima kwa jirani, nami nikabeba kiti changu nikakaa nao tangu asubuhi. Kufikia alasiri walikuwa wamefika kina ambacho sisi tusingekifikia hata tungechimba mwaka mzima. Binti mmoja mwenye kofia ngumu akanisogelea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Eti nyie mlikuwa mnachimba kwa mikono kweli? Sasa mlikuwa mnajuaje maji yalipo?"

Nikafungua mdomo kumjibu, simu yake ikaita, akaenda. Haya basi ni majibu yake, pamoja na ya wengine wote mnaoishika kazi hii.

Tulijua kwa kuangalia. Mjomba wangu Kibwana, aliyenifundisha, alikuwa anafukia chungu kifudifudi jioni, na alfajiri anakwenda kukifunua. Kikiwa na jasho ndani, anacheka. Kikiwa kikavu, anakichukua bila kusema neno na kukihamishia pengine. Aliangalia mikuyu, aliangalia vichuguu, aliangalia mahali ambapo ng'ombe wanapenda kulala wakati wa kiangazi. Na mara nyingine alikosea, tena vibaya. Kuna shamba moja tulichimba wiki tatu tukatoa vumbi tupu, na mwenye shamba akatuuliza kama tunamchimbia choo.

Kosa langu la kwanza la maana lilikuwa kwenye jiwe. Nilikuwa chini, nikakuta mwamba, nikaupiga mtaimbo siku mbili mfululizo. Mikono ikavimba, mtaimbo ukapinda, mwamba ukabaki vilevile. Siku ya tatu mjomba akashuka mwenyewe, na uzee wake ule. Hakupiga. Alipapasa jiwe kwa kiganja, taratibu, mpaka akapata ufa mwembamba ambao mimi nilikuwa nimeukalia siku zote mbili. Akachomeka ncha, akasukuma mara tatu, kipande cha jiwe kikaachia.

"Jiwe lina mlango," akaniambia. "Wewe ulikuwa unapigana na ukuta."

Sasa sikilizeni jambo ambalo linanishangaza mpaka leo. Miaka mingi baadaye, mjomba akiwa ameshazikwa, nilikutana na mtu kutoka China aliyenisimulia hadithi ya mchinja nyama wa zamani sana huko kwao. Mchinjaji yule kisu chake hakikuwahi kunolewa kwa miaka mingi, kwa sababu hakukata mfupa wala hakulazimisha, alipitisha kisu katika nafasi zilizokuwepo tayari kati ya kiungo na kiungo. Niliposikia hayo nilimwona mjomba na lile jiwe. Mjomba Kibwana hakuwahi kufika hata Morogoro. Nani alimwambia?

Mtu huyo wa China aliitwa Bwana Lu. Alikuwa fundi wa mashine katika kambi moja pale Visiga, ambako walikuwa wanachimba visima virefu kando ya barabara ya Morogoro. Mimi na shemeji yangu Athumani tulichukuliwa kuchimba mashimo ya tope, yale ambayo mashine inatemea uchafu wake. Athumani ni kaka wa mke wangu Mwanaidi. Yeye mwembamba, mimi mpana, kwa hiyo tangu tuanze kazi pamoja ilikuwa hivyo: yeye chini, mimi juu. Tulikuwa na lugha yetu. Akigonga ukuta mara moja, vuta ndoo. Mara mbili, subiri. Mara tatu, nivute mimi.

Bwana Lu alikuwa na chupa ya chai yenye majani yanayoelea na haina sukari hata chembe. Athumani alimuuliza siku ya kwanza kama sukari imewaishia kambini, akataka kumchangia. Kiswahili chake alikiokota jikoni na barabarani, na msimcheke, maana mimi Kichina nilijua neno moja, na kila nikilitamka wenzake walikuwa wanageuka kuficha nyuso. Wakati wa mapumziko alipenda kusimulia. Nyingine alisema ni hadithi za watawa wa Zen, watu wa milimani wanaokaa kimya. Nyingine za wazee wa zamani zaidi, waliofuata kitu kinachoitwa Tao. Nilimuuliza Tao ni nini. Akanyoosha kidole kwenye barabara ya Morogoro, akasema "Njia," akacheka mwenyewe, kisha akanyoosha kidole kwenye maji yaliyokuwa ndani ya ndoo.

Nikadhani hajanielewa.

Hadithi zake tulikuwa tunazikejeli, nakiri. Tulizoea hadithi zenye sungura mjanja na fisi mlafi, mwisho mmoja anapata na mwingine anakoma. Zake zilikuwa zinakatika. Unasubiri mwisho, yeye anamimina chai. Kuna moja ya chura aliyeishi kisimani, akajisifu kwa kobe wa baharini kwamba makao yake hayana mfano: maji yapo, tope lipo, mbingu ipo juu. Kobe akajaribu kuingia, mguu mmoja ukakwama mdomoni mwa kisima. Ndipo akamweleza chura habari za bahari, na chura akanyamaza. Basi, imeisha. Tena aliisimulia mara tu baada ya mimi kumaliza kumweleza Bwana Lu kwamba habari za maji ya nchi hii nazijua zote.

"Shemeji," Athumani akaninong'oneza, "umeitwa chura."

Sikumsalimia Bwana Lu siku mbili. Siku ya tatu nilishuka mwenyewe shimoni kwa sababu Athumani alikuwa na homa, nikainua macho. Mbingu ilikuwa na ukubwa wa sinia. Nilitazama lile sinia la bluu muda mrefu, nikawaza miaka yote niliyokuwa nikiitazama mbingu kwa namna hiyo na kuona inatosha. Nilipopanda nilikwenda kumpa Bwana Lu mkono, naye hakuuliza kwa nini.

Siku moja bomba la mashine lilinasa chini kwenye mchanga. Msimamizi akapiga kelele livutwe kwa jeki. Wakavuta mpaka mnyororo ukalia. Bwana Lu akaja, akawaomba waache, akafungulia maji yaingie kwenye lile bomba taratibu, kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kumimina chai. Sisi tukatazamana. Kisima kimenasa bomba, yeye anakiongezea maji na kunywa chai. Msimamizi alitaka kulia.

Ndipo akatusimulia habari za mtu wa maporomoko. Mzee mmoja mwenye elimu kubwa alikuwa anapita kando ya maporomoko ambayo hata samaki hayawezi. Akaona mtu kaanguka ndani. Akawatuma wanafunzi wake wakimbie kumwokoa, kumbe huyo mtu ametokea chini huko, anatembea ukingoni na nywele zake zinachuruzika, anaimba. Wakamuuliza ana dawa gani.

Bwana Lu akajibu kwa niaba yake, mkono wake mmoja ukipanda na kushuka hewani: "Maji shuka, mimi shuka. Maji panda, mimi panda. Mimi na maji hapana gombana."

Baada ya kama nusu saa alisimama, akalizungusha bomba kidogo tu, likatoka kama mkono unavyotoka kwenye unga. Athumani aliiga maneno yale na ule mkono kwa muda wa miezi, kila tukikutana. Sauti, uso, mkono, kila kitu. Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko. Mimi niliamini tunacheka tu.

Sasa twende Chole.

Bi Tatu alikuwa mjane, na upande ule wa kijiji wanawake walikuwa wanashuka bondeni tangu alfajiri kuchota maji kwenye kijito ambacho kiangazi kinabaki tope. Alituita tumchimbie kisima. Tulichimba wiki mbili, tukashusha pete za zege moja baada ya nyingine kuzuia mchanga usiporomoke. Mbili za mwisho zilikuwa uani, hazijakauka. Mnajua wenyewe zege halitaki papara. Mke wangu Mwanaidi alikuja kwao kutupikia, na siku hiyo alikuwa ameweka maharage jikoni.

Muda mfupi baada ya adhuhuri nikasikia Athumani anapiga kelele kutoka chini, futi kama thelathini hivi.

"Maji! Shemeji, maji!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami hapo ndipo nilipokosea, na nataka mlisome hili kwa makini. Kwa akili ya kazi nilipaswa kumwambia: panda, tusubiri pete zikauke. Lakini sisi wachimbaji wa kule tulikuwa na desturi. Aliyeyaona maji ndiye anayeyatoa. Hapandi mpaka ndoo ya kwanza imejaa, anaibeba yeye mwenyewe mpaka juu, anamkabidhi mwenye kisima mkononi. Aliyepanda mikono mitupu walimsema mpaka anazeeka. Nikainama nikamwambia:

"Lete ndoo!"

Ndoo haikujaa. Maji yalikuwa yanakuja na mchanga, Athumani akawa anachimbua kwa mikono apate yaliyo safi, na kadiri alivyochimbua ndivyo mchanga ulivyozidi kuchemka kutoka chini, mahali pasipokuwa na pete. Ukamfika magotini. Alipotaka kuinua mguu haukuinuka. Ukamfika mapajani. Nikasikia anagonga ukuta: moja, mbili, tatu.

Majirani wanne wakaja mbio, tukawa wanaume watano kwenye kamba aliyojifunga kiunoni. Tukavuta. Athumani alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu kabla wala baada. Tulikuwa tunamchana kiunoni. Tukalegeza. Maji yakawa yanapanda, yakamfika tumboni, na Athumani hajui kuogelea hata kwenye beseni. Kushuka sikuweza, ukuta wa chini ulikuwa wazi na uzito wangu ungeuangusha juu yake. Basi nikafanya lililoonekana la akili. Nikateremsha ndoo, akawa anajaza, tunavuta, tunamwaga nje. Tunapunguza maji ili asizame.

Ndoo ya sita au ya saba, akasema kwa sauti ndogo:

"Unabana, shemeji. Kila mnapotoa maji mchanga unabana."

Mwenzenu nilisimama pale na kamba mkononi. Kila mnapotoa maji mchanga unabana. Nikamwona Bwana Lu amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikaliona bomba linatoka kama mkono kwenye unga. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa mwanzo, kwa sababu nilijua sasa natakiwa kufanya nini.

"Acheni kutoa," nikasema. "Leteni maji."

Wakanitazama. Tulikuwa na mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, tunaopimia pete zikae sawa. Nikauteremsha mpaka ukamfikia Athumani. Bi Tatu alikuwa na faneli ya mafuta ya taa, nikaichomeka kwenye ncha ya juu ya mpira. Nikanyoosha mkono nipewe ndoo, na ndoo haikuja. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu.

"Baba Rehema," akasema, "unataka kumzika kaka yangu?"

"Mchanga uliobana ndio unaomshika. Maji yakiupenya utamwachia."

"Nani kakwambia?"

Ningesema nini? Nani kaniambia? Mtu mmoja anayekunywa chai isiyo na sukari. Nikasema tu, "Nimeona kwa macho yangu." Sikuongeza kwamba nililoliona lilikuwa bomba la chuma.

Alinitazama. Halafu akageuka, nikadhani anaondoka. Alikwenda kuchukua ndoo yake ya maji ya kupikia, ile aliyoiteka bondeni alfajiri, akaja akaimimina kwenye faneli yeye mwenyewe. Wanawake wengine walipoona hivyo wakatawanyika. Wakarudi na ndoo, na madumu, na mitungi. Maji ya siku nzima. Maji ya kuogeshea watoto, maji ya wagonjwa, maji waliyoyabeba kichwani kutoka bondeni jua halijatoka, wanayarudisha ardhini ndoo baada ya ndoo bila kuuliza. Nimeona mambo mengi makubwa katika kazi hii, lakini sijaona kubwa kuliko foleni ile.

Nikamwinamia Athumani. "Shika ncha ya mpira. Ipitishe kando ya paja, sukuma chini taratibu, maji yafukue njia."

"Maji yanapanda, shemeji! Yamefika kifuani!"

"Najua. Yaache yapande. Lala chali. Egemea ukuta kama uko kitandani."

"Siwezi!"

Na kweli hakuweza. Mwili wake ulikuwa umekakamaa kama gogo, na mtu aliyekakamaa mchanga unamshika zaidi. Kila alipopapatika alizama kidogo. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikaanza kumsimulia.

"Athumani. Kulikuwa na maporomoko. Mtu akaanguka ndani."

Wanawake wananitazama kama nimerukwa na akili.

"Wakakimbia kumwokoa, wakamkuta katokea chini, anatembea ukingoni. Wakamuuliza ana dawa gani. Akasema nini, Athumani? Akasema: maji panda, mimi panda. Maji shuka, mimi shuka..."

Nikasikia kitu ambacho sikukitarajia. Athumani anacheka. Kicheko kilekile cha Visiga kilipanda kisimani, kikagonga kila pete. Kisha sauti yake, akimwiga Bwana Lu kama alivyokuwa akimwiga kila siku: "Mimi na maji hapana gombana!"

Akalala chali. Nilimwona kwa macho yangu, uso wake umeelekea juu kwangu, maji yamemzunguka masikio. Akawa anapitisha mpira kando ya mguu mmoja, anautikisa ule mguu kidogokidogo kama anayevua buti lenye tope. Sisi tunamimina. Anatikisa. Tunamimina. Mguu wa kulia ukaachia, akapiga kelele. Kisha wa kushoto. Mwili mzima ukapanda juu ya maji wenyewe, bila mtu kuuvuta. Buti zake zilibaki chini, na zipo mpaka leo. Tukakaza kamba polepole tukamtoa, na alipokanyaga nchi kavu ilikuwa inaadhiniwa alasiri. Mwanaidi alimkumbatia kaka yake, kisha akanitazama juu ya bega lake. Maharage yalikuwa yameungua yote.

Kisima tulikimalizia pete zilipokauka. Ndoo ya kwanza Athumani aliitoa yeye. Bi Tatu aliipokea, akaonja funda moja, akaiweka chini katikati ya wale wanawake. Maji yake ni matamu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Visiga mbiombio. Kifua kimejaa. Nikamkuta Bwana Lu ameshika spana, nikamweleza yote bila kupumua, nikamwomba anifafanulie ile hadithi maana yake kamili ni nini, na hao wazee wa Tao walijuaje, na mimi nifanye nini ili nijue zaidi. Nilikuwa tayari kuwa mwanafunzi wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa na machozi, hilo niliona. Kisha akanimiminia chai, nikanywa yote na uchungu wake.

"Wewe kunywa chai kwisha?"

"Nimemaliza."

"Osha kikombe."

Nilisubiri kinachofuata. Hakikufuata kitu. Alirudi kwenye mashine yake. Nilikiosha kile kikombe kwa hasira, nikakibamiza mezani. Baadaye mwenzake mmoja aliyejua Kiswahili zaidi aliniambia kwamba hiyo nayo ni hadithi ya watawa: kijana alifika kwa mwalimu akaomba afundishwe siri kuu, mwalimu akamuuliza kama amekula uji wake, akajibu amekula, akaambiwa basi kaoshe bakuli. Nikaona watawa hawa ni wachoyo wa maneno. Kambi ikahama, sikumwona tena Bwana Lu.

Miaka yote tangu hapo nimeisimulia habari ya Chole. Nimeisimulia harusini, msibani, barazani, na kwa wajukuu zangu mpaka wanaijua kwa moyo. Na kila mara niliisimulia kwa namna moja: mimi juu, na hadithi yangu, nimemwokoa Athumani aliyekuwa chini. Mwaka jana Athumani alikuja kutusalimia hapa Tangini. Daktari amemkataza sukari, kwa hiyo sasa naye anakunywa chai ya Bwana Lu, na analalamika kila funda. Nikawasimulia tena wajukuu mbele yake. Akatulia akisikiliza. Watoto walipokwenda kucheza akaniambia:

"Shemeji, kuna kitu sijawahi kukuuliza. Siku ile, ulikuwa na hakika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nimezoea kusema ndiyo. Lakini alikuwa Athumani.

"Sikuwa na hakika hata kidogo," nikasema. "Nilifikiri labda nakuua."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ulikosea hadithi. Bwana Lu alianza na maji kushuka, wewe ulianza na kupanda. Na sauti yako ilikuwa inatetemeka, shemeji, ilikuwa sauti ya mtu anayelia. Nikajisemea huko chini, huyu akishikwa na hofu ataacha kumimina. Akiacha kumimina, nimekwisha." Akanywa funda, akakunja uso. "Ndiyo maana nikacheka."

Sikuelewa mara moja. "Hukucheka kwa sababu ya hadithi?"

"Hadithi yenyewe mimi ndiye niliyekuwa naiigiza kila siku, ingenichekesha nini? Nilicheka ili wewe usiogope."

Nilimtazama shemeji yangu. Mtu aliyezikwa na mchanga mpaka kiunoni, maji yanamfika kifuani, hajui kuogelea, na aliyekuwa anamwonea huruma ni mimi niliyesimama kwenye jua. Amekaa na siri hiyo miaka yote, ananisikiliza nikijisifu, hajanikatiza hata mara moja. Yeye akaendelea kutazama barabarani, ametulia, kana kwamba hajasema kitu.

Chai ilikuwa imekwisha. Nikainuka na magoti yangu haya, nikachukua vikombe vyote viwili, nikaenda kuviosha.